Dawa Iko Mbeya, Mgonjwa Yuko Iringa

Mama yangu mdogo alizikwa Iringa mwezi Julai 2019, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, katika baridi ile ya Nyanda za Juu ambayo hata wachimba kaburi huivalia makoti. Mwanawe wa pekee wa kiume alitupa udongo kaburini, akakaa na wanaume wenzake kando ya moto hadi usiku wa manane, na Alhamisi kabla jua halijachomoza akaondoka. Hakuaga. Walioamka mapema kuchochea moto chini ya turubai walimwona akiteremka kuelekea Ipogolo, begi mgongoni. Ilipofika saa nne asubuhi, neno lilikuwa limekwisha kuuzunguka msiba wote: amerudia unga, ameyakimbia matanga ya mama yake akatafute kete.

Neno hilo halikuwa la kweli. Mdogo wangu yule alikuwa anawahi basi la alfajiri ili afike Mbeya kabla dirisha la dawa halijafungwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa katika tiba ya methadoni, na siku ya mazishi ilikuwa imempita bila dozi. Mimi nililijua hilo. Pale msibani tulikuwa watu wawili tu tuliojua, mimi na dada yake, na dada yake alikuwa analia. Mimi, ninayelipwa mshahara wa kusema mbele za watu, nilikaa kimya tangu saa nne hadi jioni huku ndugu yangu akisemwa.

Ndugu msomaji, makala haya ni malipo ya deni la ukimya huo. Mwenyewe ameniruhusu kuyaandika, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Aliondoka Iringa kwenda Dar es Salaam mwaka 2005, kama walivyoondoka vijana wengi wa kwetu, akabeba mizigo Kariakoo, kisha akawa konda wa daladala. Unga alionjeshwa kijiweni, umechanganywa na bangi na tumbaku katika kile wanachokiita kokteli. Baadaye akauvuta peke yake, na mwisho akajidunga. Safari hiyo haina upekee wowote. Heroini ilianza kuonekana Zanzibar na Dar es Salaam katika miaka ya 1980, ikipita njia ya bahari kutoka Asia kuelekea kwingineko duniani, na kama ilivyo kwa bidhaa yoyote ya kupita, sehemu yake ilibaki njiani. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wengi walianza kujidunga. Sisi wa bara tuliendelea kuamini kwamba hilo ni tatizo la watu wa pwani, tukisahau kwamba barabara kuu inayotoka bandarini hupita miguuni mwetu, Ipogolo, Mafinga, Makambako, Uyole, hadi mpakani Tunduma, na kwamba vijana wetu huenda na kurudi kwa barabara hiyo hiyo.

Alirudi nyumbani mwaka 2013. Familia ilifanya kila ambalo familia hufanya. Aliombewa. Alipelekwa shamba akakae mbali na marafiki. Alifungiwa chumbani siku nne, akatapika, akaharisha, akagonga kichwa ukutani, na siku ya tano akaruka dirishani. Hali hiyo wenyewe huiita arosto, na aliyewahi kuishuhudia hawezi tena kusema kwamba teja anatumia kwa sababu anapenda starehe. Mwaka 2016 mimi nilitoa fedha akapelekwa katika nyumba moja ya upataji nafuu, katika mkoa ambao sitautaja. Huko tiba ilikuwa ni maji ya baridi, mazoezi, sala, na kiboko kwa aliyekaidi. Alikaa miezi minne, akarudi amenawiri. Tulichinja mbuzi.

Siku ya tisa tangu arudi alikutwa chooni, midomo imegeuka rangi ya majivu. Jirani aliyewahi kujifunza huduma ya kwanza alimpulizia pumzi hadi gari lilipopatikana. Aliokoka. Wakati huo nilichukulia tukio lile kuwa ushahidi wa ukaidi wake. Leo najua kwamba lilikuwa ushahidi wa ujinga wangu. Mwili uliozoea heroini huhimili kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Miezi minne bila heroini huuondoa uhimili huo, lakini haiondoi kiu. Mtu hurudia kipimo chake cha zamani akiwa na mwili mpya, na pumzi husimama. Sisi tulilipia kumtoa heroini mwilini, tukamrudisha mtaani bila kinga yoyote, kisha tukashangaa.

Mwaka uliofuata, 2017, Taifa lilitoa majibu mawili kwa tatizo hili, na nadhani historia itayakumbuka yote mawili. Mwezi Februari, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alisimama mbele ya vyombo vya habari akasoma majina ya watu waliotuhumiwa kuhusika na dawa za kulevya, wakiwamo wasanii tuliowajua. Nchi nzima ililizungumza jambo hilo kwa miezi. Jibu la pili halikuwa na kamera nyingi: katika mwaka huo huo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Huduma hiyo ilikuwa imeanza Muhimbili mwezi Februari 2011, mojawapo ya za kwanza kabisa za serikali katika Afrika kusini mwa Sahara, ikafuata Mwananyamala, Temeke, na Zanzibar. Mbeya ilikuwa mara ya kwanza kuifikisha Nyanda za Juu Kusini.

Jibu la kwanza lilijadiliwa hata katika chumba cha walimu, nami nikashiriki. Jibu la pili nililetewa na mdogo wangu mwenyewe, Oktoba 2017, akiwa amesimama mlangoni kwangu, maana wakati huo sikuwa namkaribisha ndani.

"Kaka," aliniambia, "kuna dawa Mbeya. Inatolewa bure. Lakini inanywewa kila siku, siku zote saba, palepale hospitalini. Naomba kodi ya chumba ya miezi mitatu tu."

Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba kumbadilishia mtu dawa kwa dawa ni kumlevya kwa gharama ya serikali. Sentensi hiyo niliiona nzuri, nikairudia hata darasani. Alikwenda Mbeya Machi 2018, baada ya mama yake kuuza magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka akiba. Miezi mitano ilipotea kwa sababu ya sentensi yangu, na katika miezi mitano mtu anayejidunga anaweza kufa mara nyingi.

Sasa niseme methadoni ni nini, kwa maana nimegundua kwamba wengi wanaoipinga hawajui, kama nami nilivyokuwa sijui.

Heroini huingia kwenye ubongo kwa kasi, hukalia sehemu maalumu zinazopokea dawa za jamii ya afyuni, humpa mtu raha ya ghafla, kisha hutoka baada ya saa chache. Inapotoka, mwili hudai. Ndiyo maana maisha ya mraibu hukatwa vipande vya saa nne, tano au sita: kutafuta, kutumia, kupumzika kidogo, kutafuta tena. Hakuna kazi inayoweza kufanyika katikati ya vipande hivyo, wala ndoa, wala kulala. Methadoni hukalia sehemu zilezile, lakini huingia polepole na hutoka polepole zaidi. Dozi moja ya asubuhi humshikilia mtu siku nzima na usiku wake. Dozi ikiwa sahihi, haileti ile raha ya ghafla, arosto haiji, na hata akichokozwa na heroini haimpi kile alichokuwa akikipata. Saa ishirini na nne zinarudi mikononi mwake.

Haya hayakugunduliwa jana. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kutuliza maumivu. Katikati ya miaka ya 1960, jijini New York, daktari Vincent Dole na daktari Marie Nyswander waliwapa watumiaji wa heroini dozi ya kila siku, wakaona watu waliokuwa wakiwaza kete mchana kutwa wameanza kuwaza shule na ajira. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, pamoja na mwenzake buprenofini, katika orodha ya dawa muhimu za binadamu.

Pamoja na hayo, siyo dawa ya kuchezea. Kuanza ni kwa kiasi kidogo, kikipandishwa taratibu kwa majuma, kwa kuwa hujikusanya mwilini na dozi kubwa ya mapema inaweza kusimamisha pumzi. Hutoa jasho, hufunga choo, humfanya mtu asinzie. Wapo wanaoihitaji kwa mwaka mmoja au miwili, na wapo wanaoihitaji kwa miaka mingi, kama walivyo watu wa presha na vidonge vyao. Kuacha kwa pupa ndiko kunakorudisha wengi walikotoka.

Nilikwenda kumtembelea Mbeya Agosti 2018, kwa shingo upande, nikiwa nimetumwa na mama yake. Nilimkuta kwenye foleni asubuhi, Loleza ikiwa bado imejifunika ukungu. Foleni yenyewe ilinishangaza kwa ukawaida wake. Kulikuwa na kijana mwenye sare ya mlinzi aliyetoka zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mgongoni, na mzee wa umri wangu aliyeshika gazeti. Kila mmoja alifika dirishani, akatambuliwa, akapewa kikombe kidogo, akanywa mbele ya mfamasia, kisha maji, kisha akatakiwa aseme neno ili ionekane amemeza. Zamu yake ilipofika, mdogo wangu alisema, "Shikamoo, mama," akajibiwa "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Nilisimama nyuma yake nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu mwenye mamlaka alimwita mwanangu. Sikukumbuka.

Tulikunywa chai Mwanjelwa. Hakunieleza habari ya mapokezi ya ubongo wala ya New York. Aliniambia, "Kaka, wiki hii nimelala usiku kucha mara tano." Kisha akalipa chai, yeye, kwa fedha aliyoipata kwa kupiga randa katika karakana ya seremala mmoja.

Mwishoni mwa mwaka huo alianza kukohoa, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Zahanati moja ikamwanzishia dawa bila kumuuliza anatumia nini kingine. Katika juma la tatu arosto ikarudi, kila jioni, mafua, miayo, maumivu ya mifupa. Aliamini kwamba methadoni inachanganywa na maji. Wenzake wawili wakamwambia dawa ipo mtaani, na haichanganywi. Alikuwa karibu kabisa kuanguka, na kilichomwokoa ni swali moja la mfamasia: "Kuna dawa mpya umeanza?" Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulisukuma ini kuiondoa methadoni mwilini kwa kasi kuliko kawaida. Baadhi ya dawa za Virusi vya Ukimwi zina tabia hiyo hiyo. Dozi ikapandishwa, arosto ikaondoka, na kifua kikuu kikatibiwa hadi mwisho. Nasimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba tiba hii ni zaidi ya kikombe. Ni mtu anayekuona kila siku na anayejua la kukuuliza.

Na katika mikoa yetu, kuonwa kila siku kuna uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya Ukimwi wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Njombe yalikuwa asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6. Sindano moja inayozunguka kijiweni Iringa si sawa na sindano hiyo hiyo katika mkoa wenye maambukizi machache. Kila kijana anayehamishwa kutoka kwenye sindano kwenda kwenye kikombe ni mlango mmoja wa virusi umefungwa, na nyuma ya mlango huo kuna mke, kuna mchumba, kuna watoto.

Basi turudi msibani, kwa kuwa pale ndipo penye hoja yangu.

Mama yangu mdogo alifariki Jumatatu usiku. Jumanne asubuhi mwanawe alikunywa kikombe chake Mbeya, akapanda basi, akafika Iringa jioni. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 300. Jumatano hakuwa na dozi, maana kwa utaratibu wa wakati ule dawa ilinywewa mbele ya mfamasia, na Iringa haikuwa na kituo. Wakati jeneza linateremshwa, saa zaidi ya thelathini zilikuwa zimepita tangu kikombe cha mwisho. Alikuwa anatoka jasho katika baridi ile, anapiga miayo, macho na pua vinamiminika. Waombolezaji wengine waliona majonzi. Wengine, waliomjua zamani, waliona teja.

Mabasi ya usiku hayakuruhusiwa wakati ule, hivyo njia ilikuwa moja tu, basi la alfajiri Alhamisi. Lau angekaa hadi siku ya tatu kama mila inavyomtaka mtoto wa kiume, angefika Mbeya na dozi zisizopungua tatu zilizopotea. Aliyekosa kiasi hicho haruhusiwi kunywa kipimo chake cha kawaida, kwa usalama wake mwenyewe. Hupimwa upya na mara nyingi hushushwa, kisha hupandishwa tena taratibu. Kwa maneno mengine, matanga ya mama yangemgharimu majuma ya arosto, na majuma hayo ndiyo ambayo kete hungoja. Alipaswa kuchagua kati ya kuonekana mwana mwema na kubaki mzima. Alichagua vizuri, nasi tukamsema.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Mfamasia alifuata mwongozo. Basi lilifuata sheria. Wazee walifuata mila. Lakini tiba inayonywewa kila siku haizidi ubora wa njia inayoifikia. Ukimwambia kijana wa Iringa, au wa Njombe, au wa Tunduma, kwamba dawa ipo na ni bure, ila sharti uhame nyumbani, upange chumba mji wa wageni, na usisafiri kamwe zaidi ya siku moja, umempa dawa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Wale wenye kaka wa kulipa kodi watafika. Wengine watabaki kijiweni, na sisi tutaandika kwamba hawakutaka kupona.

Wapo watakaosema kwamba dawa hii ni ya hatari na mraibu haaminiki, kwa hiyo lazima anywe mbele ya macho ya mtumishi. Nakiri kwamba woga huo una sababu. Dozi ya mtu aliyezoea inaweza kumuua asiyezoea, na chupa iliyoachwa mezani inaweza kumuua mtoto. Dawa inaweza kuuzwa. Lakini watu wa Iringa tumewahi kusikia hoja ya namna hii. Dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, walikuwapo wataalamu duniani waliodai kwamba Mwafrika hawezi kumeza kidonge kwa saa. Tulianza kwa masharti mengi na safari nyingi za kliniki. Leo mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, akaenda shamba, akaenda msibani, akarudi. Serikali ilijifunza kumwamini mgonjwa, na mgonjwa akaonyesha kwamba anaaminika. Somo hilo tulijifunza katika mikoa hii hii, kwa makaburi mengi. Kwa nini tulisahau tulipobadilisha ugonjwa?

Marekani, ambako sheria za methadoni zilikuwa kali kwa miongo mingi, iliruhusu Machi 2020, kwa sababu ya korona, mgonjwa aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28 abebe nyumbani. Maafa yaliyotabiriwa hayakutokea, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa katika kanuni za kudumu. Dozi ya kubeba ina taratibu zake: chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, sanduku la kufuli, kuanza na siku mbili, kisha wiki, kwa yule aliyethibitika. Pale ambapo utaratibu huu unatolewa kwetu, usiwe upendeleo wa wachache. Uwe ngazi inayojulikana, ambayo kila mgonjwa anaweza kuipanda.

Tena methadoni siyo dawa pekee. Buprenofini huwekwa chini ya ulimi, na kwa namna inavyofanya kazi, athari yake kwa pumzi hufika kikomo hata kipimo kikiongezwa, jambo linaloifanya iwe salama zaidi kuiacha mikononi mwa mgonjwa. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika kuanzia katikati ya miaka ya 1990, siyo kliniki maalumu peke yake, na vifo vya heroini vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Siku hizi ipo hata ya sindano inayokaa mwilini mwezi mzima. Fikiria, msomaji, sindano moja kwa mwezi ingekuwa na maana gani kwa mtoto anayetaka kuomboleza. Ipo pia naltreksoni, ambayo huzuia heroini isifanye kazi kabisa, lakini humfaa tu aliyekwisha kukaa siku kadhaa bila kutumia, na akiiacha akarudia unga yuko katika hatari ileile iliyomkuta ndugu yangu chooni. Na ipo naloksoni, ambayo haitibu uraibu ila humrudishia pumzi aliyezidisha dozi. Ingekuwa na jirani yetu siku ile ya tisa, tusingehitaji bahati.

Dawa hizi zina bei, na hapa ndipo siasa inapoingia. Huduma kwa watu wanaojidunga katika nchi zetu zimeegemea sana fedha za wafadhili, hasa za mpango wa Ukimwi wa Marekani na za Mfuko wa Dunia. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa kalamu ya siku moja, kila mwenye mgonjwa katika foleni ya aina hii alilala akiwaza. Mgonjwa wa methadoni hawezi kungoja mkutano wa wafadhili wa robo ijayo. Mwili wake hungoja saa ishirini na nne tu. Nchi iliyomwambia raia wake "kunywa hii kila siku" imefunga naye mkataba, na mkataba wa namna hiyo huwekwa katika bajeti ya nchi yenyewe.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma hapa: vituo vimeongezeka tangu 2017, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini msipime kwa idadi ya vituo pekee. Pimeni kwa nauli. Ulizeni mgonjwa wa mbali kabisa anatumia saa ngapi kufika dirishani. Kwenu wanaharakati: teteeni dozi ya kubeba na dawa ya mwezi kama mlivyotetea vidonge vya miezi sita. Kwenu wanafunzi wangu: sentensi nzuri isiyochunguzwa inaweza kumcheleweshea mtu tiba miezi mitano. Niliyowafundisha kuhusu "kubadilisha dawa kwa dawa" nayafuta.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao. Ajenda ilikuwa mirathi, lakini kila mtu alijua kwamba kijana aliyekimbia matanga angejadiliwa. Safari hii nilisimama. Niliwaeleza wazee kuhusu kikombe, kuhusu saa thelathini, kuhusu jasho kaburini. Niliwaambia kwamba nilijua siku ile, na kwamba nilinyamaza kwa sababu niliona aibu kuwa na ndugu anayepanga foleni ile. Pakawa kimya. Kisha baba yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa amemsema kuliko wote, akauliza.

"Kwa hiyo alikuwa anakwenda hospitali?"

"Ndiyo, baba."

"Anaumwa, na dawa yake iko Mbeya?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa mbona hawakumfungia ya siku tatu akaja nayo? Mimi ya presha wananifungia ya mwezi."

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu bado yuko Mbeya, anapiga randa, na safari hii chumba ni cha kwake na kodi analipa mwenyewe. Anapokuja nyumbani hufika akiwa anahesabu saa. Mwaka jana tulikwenda naye kaburini kwa mama yake, akang'oa majani, akaweka maua, akakaa. Nilitaka kumwachia nafasi akae kadiri anavyotaka. Akatazama saa yake, akasimama, akasema, "Twende, kaka. Basi la mwisho lisije likaniacha."